Jembe Si Fimbo

Nataka kuuliza swali moja, kisha nijaribu kulijibu kwa habari ya shamba dogo la mboga. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki kumpa mtu kazi njema iwe adhabu yake? Labda wengine watacheka na kusema, "Hilo nalo ni swali? Mtoto akikosa, na apewe jembe akalime. Yeye atapata akili, na shamba litapata kulimwa." Mimi nami nilisema hivyo miaka mingi. Walakini shamba lilinifundisha vingine, wala halikunifundisha kwa upole.

Shule ninayofundisha iko upande wa Muheza, nchi ambayo kitu chochote kikiachwa peke yake huota. Nyuma ya nyumba zetu kuna kiwanja kilichokatwa vipande, kila mwalimu na kipande chake, apate kupanda mboga za kula nyumbani. Kipande changu ni hatua 20 kwa 12. Aliyekuwa nacho kabla yangu alihamishwa, nacho kikakaa muda mrefu bila kuguswa na mtu. Nilipokiona mara ya kwanza sikuona shamba, niliona mwitu. Nyasi zilimpita kimo mtoto wa darasa la tatu. Pembeni mivuti ilikuwa imefungamana kwa miiba yake, hata kuku akiingia hatoki. Katikati kishona-nguo kilimngojea kila mpitaji. Na chini ya hayo yote, mahali pasipofika macho, walikuwapo wenye nchi hasa, ndio sangari na ndago.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, mvua za vuli zi karibu. Nikatazama kazi, nikatazama mikono yangu ambayo kwa miaka mingi imezoea chaki, nikasema, "Kesho." Kesho yake nikasema hivyo tena. Hata asubuhi moja wakaja wavulana saba wamechelewa, nami bila kufikiri nikawaambia, "Ninyi, jioni mtafyeka kile kiwanja changu." Msomaji, liangalie neno hilo, "changu". Mimi sikuliangalia siku ile.

Wakafyeka jioni mbili. Walifanya kazi kama wafanyavyo wote waliolazimishwa, yaani haraka na juu juu. Wakakata kila kilichoonekana, wakakusanya chungu, nami nikatia moto. Siku ya tatu kiwanja kilikuwa cheusi na safi, nikasimama mlangoni nikajiona mkulima hodari. Nikatifua kidogo, nikamwaga mbegu za mchicha, nikapanda na mistari miwili ya bamia. Mvua ikanyesha. Baada ya siku kumi kiwanja kizima kilikuwa kijani, nikafurahi. Nilipokaribia nikaona kwamba ule si mchicha. Ndago zilikuwa zimechomoza kila mahali kama sindano, na sangari zinatambaa katikati yake. Mchicha uliokuwapo ulikuwa mwembamba na wa manjano, kama mgeni aliyekosa mahali pa kukaa.

Nikiwa nimesimama pale, akapita mmoja wa wale saba na ndoo ya maji kichwani. Akasimama, akatazama, kisha akasema kwa adabu kabisa, bila kunidhihaki, "Mwalimu, adhabu yetu imeota tena."

Neno lile lilinikaa moyoni. Na juma lile lile niliwapa watoto wa darasa la tano waandike insha juu ya kazi waipendayo. Wengine walitaka udaktari, wengine udereva, wengine uaskari. Hakuna hata mmoja aliyetaka kulima, ijapokuwa karibu wote ni watoto wa wakulima, na sare walizovaa zilinunuliwa kwa machungwa na mihogo. Msichana mmoja aliandika sentensi ambayo sitaisahau. Aliandika, "Mimi sitaki kulima kwa sababu sijakosa."

Nikaweka kalamu chini. Nikajiuliza, Je, baba yake amekosa nini? Mama yake, anayeondoka na jembe kabla ya jua kuchomoza, amemkosea nani? Nani aliyemfundisha mtoto huyu kwamba kazi inayomlisha ni kazi ya wenye hatia? Hakufundishwa hayo nyumbani. Alifundishwa na sisi. Darasani twasema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa nchi, na saa ya jioni twakitumia kilimo hicho badala ya fimbo. Mtoto husikia maneno yetu, lakini huamini matendo yetu.

Sasa na tuyapime maneno ya wale wanaolitetea jambo hili, maana si watu wabaya, na hoja zao si za kutupwa.

Hoja ya kwanza yasema: "Sisi wenyewe tulilelewa hivyo, na tumekuwa watu." Ni kweli. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nililima shamba la shule, na siku nyingi nililima la mwalimu pia. Nilipalilia mahindi ambayo sikupata kujua yalikwenda wapi. Nimekuwa mtu, ndiyo. Lakini mbona nilipopewa kiwanja changu mwenyewe nilikiogopa? Mbona nilisema "kesho" hata nikapata watoto wa kuwatwika? Nadhani mzizi ulikuwa huo. Nilijifunza utotoni kwamba aliye mkubwa hulimiwa na aliye mdogo hulima, na kwamba dalili ya kuendelea kwangu ni kuliacha jembe. Basi kulelewa kule kuliniacha na ugonjwa, nami nilikuwa tayari kuwarithisha wengine.

Hoja ya pili yasema: "Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto asipozoezwa kazi akiwa mdogo atakuwa mvivu." Hili nalikubali lote. Mtoto na afanye kazi, afagie, ateke maji, alime. Lakini kumzoeza kazi ni neno moja, na kumwadhibu kwa kazi ni neno lingine. Anayemzoeza hushika jembe pamoja naye, humwonyesha namna ya kusimama ili mgongo usiume, humweleza kwa nini tuta hukata mteremko. Anayemwadhibu husimama kivulini. Yule wa kwanza hutaka mtoto aijue kazi, na yule wa pili hutaka mtoto aichukie kazi kiasi cha kuogopa kurudi. Maana kama mtoto angeipenda, ingekuwa adhabu gani?

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Yasema: "Jembe ni afadhali kuliko fimbo. Ukiliondoa jembe, mwalimu atarudi kwenye fimbo." Ni kweli kwamba jembe haliachi alama mwilini. Lakini alama iliyoachwa katika insha ya yule msichana niliiona kwa macho yangu. Tena namna moja ya kurudiwa kwa kazi naiona kuwa ya haki, nayo ni ile inayotokana na kosa lenyewe. Aliyemwaga taka na afagie. Aliyevunja uzio wa bustani na aujenge. Huyo anatengeneza alichoharibu, na kazi yake ina maana machoni pake. Bali aliyechelewa kufika shuleni ana deni gani kwa mchicha wa mwalimu? Nikisha kula mboga iliyolimwa na watoto wale, bila kuwalipa na bila kuwagawia, niiite adhabu au niiite kwa jina lake? Mtu mzima akimlimisha jirani yake bure kwa nguvu, twajua kumwita. Je, jina hubadilika kwa kuwa aliyelima ni mdogo na hawezi kunijibu?

Wala jambo hili si la shule tu. Nchi yetu imekwisha kuliona kwa uchungu. Wakati wa utawala wa Wadachi watu wa kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, kwa malipo madogo mno, na wenye kukawia wakapigwa. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu walipochoka, tendo lao la kwanza lilikuwa kung'oa miche ya pamba. Hivyo ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji, vilivyoendelea hata 1907. Pamba haikuwa na kosa. Ni mmea kama mimea mingine, na baadaye wakulima wengi wa nchi hii waliulima kwa hiari yao wakapata fedha. Lakini pale Nandete pamba ilikuwa imegeuka kuwa fimbo, na watu huivunja fimbo.

Tena katika miaka ya 1950, huko milima ya Uluguru, serikali ya Waingereza iliwaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Kuuhifadhi udongo ni jambo jema. Walakini amri ilikuja pamoja na faini, na kazi ilikuwa kubwa, na wenye mashamba hawakuona faida yake. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ule ukaachwa. Tazama jinsi kazi yenye nia njema inavyoharibiwa na mkono unaoileta.

Sasa natazama mfano wa namna nyingine. Katika nchi ya Marekani alikuwako mwalimu Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa. Mwaka 1881 alianzisha shule huko Tuskegee katika jimbo la Alabama. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1901, anaeleza kwamba shule ilipopata ardhi, alitaka wanafunzi wafyeke mahali pa kulima. Hawakupenda. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa waalimu, wakaona kazi ile ni ya kuwashushia heshima, wala hawakuona kufyeka na elimu vinahusianaje. Naye angeweza kuwaamuru. Badala yake alichukua shoka lake kila alasiri baada ya masomo, akatangulia msituni. Walipomwona kwamba yeye hana haya, wakaanza kumsaidia kwa moyo, hata wakafyeka ekari 20 hivi. Wale walikuwa watoto wa watu waliolimishwa kwa mijeledi, na kwao jembe lilinuka utumwa. Hakuna hotuba ambayo ingaliondoa harufu ile. Iliondolewa na mwalimu aliyetangulia.

Na hapa kwetu Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alitaka kila shule iwe na shamba. Lakini hakusema watoto walime na wakubwa wasimamie. Alitaka waalimu na wanafunzi wawe jamii moja inayofanya kazi pamoja, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba na matumizi ya mapato yake. Twapenda kuikumbuka nusu ya kwanza ya maneno hayo, ile ya shamba. Nusu ya pili twaisahau upesi.

Kisha nikaikumbuka methali ambayo nimeisema mara elfu bila kuisikia: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Sisi huitumia kumfukuzia mgeni mvivu. Lakini yaangalieni maneno yenyewe. Siku mbili mgeni hukaa juu ya mkeka, hula, hutazamwa. Siku ya tatu hupewa jembe, maana yake sasa ni mtu wa nyumba hii, shamba hili ni lake pia, na chakula kitakachovunwa hatakila kwa hisani. Kumbe kwa wazee wetu kupewa jembe kulikuwa ni kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji! Sisi tumeligeuza kuwa dalili ya kutengwa. Chuma ni kile kile na mpini ni ule ule, lakini anayelipokea hujua mara moja amepewa kwa moyo gani.

Basi mwezi wa Januari, jua lilipokaza, nikachukua jembe nikaingia katika kile kiwanja peke yangu. Nikaanza kukata udongo kwa nguvu zote, nikifurahi kuona ndago zinaruka vipande vipande. Akapita bibi mmoja jirani yetu, mwenye shamba la mihogo ng'ambo ya kijito.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini hapo?"

"Nalima, bibi."

"Hulimi. Unapanda ndago."

Akaweka mzigo wake chini, akachimbua kwa mkono, akanionyesha. Chini ya kila jani la ndago kulikuwa na kiazi kidogo cheusi, kadiri ya punje ya njugu, na kutoka kiazi kile ulikwenda uzi hata kiazi kingine, na kutoka hicho hata cha tatu, kama shanga. Ukikata jani, kiazi hucheka. Ukikata uzi, kila kiazi hujitegemea na kuota peke yake. Hali kadhalika sangari: kila kipande cha mzizi chenye kifundo huwa mmea mpya. Na moto wangu wa Septemba uliteketeza majani, ambayo yangeoza yakawa chakula cha udongo, ukawaacha adui wote salama chini.

Bibi akanifundisha kazi ilivyo. Chimba chini, inua bonge zima, usilikate. Likung'ute kwa mkono, fuata uzi hata mwisho wake. Viazi na mizizi iache juu ya ardhi ikaushwe na jua la kiangazi siku nyingi, kisha itoe shambani. Usiitie katika lundo la mboji kamwe, maana utairudisha kwa heshima. Ukisha, panda viazi vitamu upande ulioshikwa sana, kwa kuwa majani yake hufunika nchi na ndago haipendi kivuli. Zilizobaki utazing'oa kila zionekanapo. "Wala usiseme umemaliza," akaniambia. "Sema umepunguza."

Kazi ile ilinichukua majuma sita, saa moja na nusu kila jioni. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, ikawa migumu. Watoto wakapita na kutazama. Siku za kwanza walicheka kwa siri, maana mwalimu kushika jembe mwenyewe lilikuwa jambo geni. Nilisikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Mwalimu amekosa nini?" Nikajua kwamba nimepata kipimo cha ubaya nilioufanya.

Juma la tatu wakaja wawili wa wale saba, wakasimama ukingoni.

"Mwalimu, tukusaidie?"

"Mmekosa nini?"

"Hatujakosa."

"Basi karibuni."

Lakini sikutaka kujidanganya. Mwanafunzi anayemsaidia mwalimu wake hayuko huru kabisa, hata akisema anapenda, kwa kuwa anajua nani anayeshika daftari la alama. Kwa hiyo nilikigawa kile kiwanja. Nusu nikawapa wao na wenzao waliotaka kuja, wapande watakacho, na mavuno wachukue nyumbani kwa mama zao. Nusu yangu nikailima mwenyewe. Tukapiga matuta ya upana wa hatua moja, yakikata mteremko, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Tukatia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Masika yalipoanza tukasia mchicha, na baada ya majuma manne tukachuma. Watoto walipanda na kunde, ambazo mimi sikuzifikiri, nazo zikastawi kuliko vitu vyangu.

Ndago zingaliko. Kila juma nang'oa. Sikumaliza, nimepunguza.

Msomaji ataniuliza, "Na wanaochelewa je, sasa wawafanyaje?" Nakiri kwamba kazi yangu imekuwa nzito zaidi. Adhabu ya jembe ilikuwa rahisi kwangu, kwa sababu ilinipa shamba na ilinipunguzia kufikiri. Sasa anayechelewa hubaki jioni akamaliza somo lililompita, nami hubaki naye. Na kabla ya hayo humwuliza sababu. Katika wale saba nimejua sasa kwamba mmoja huteka maji ya nyumba nzima kabla ya kuja, kwa kuwa nyanya yake anayemlea hawezi tena kutembea. Tulizungumza na jirani, naye akakubali mwanawe ateke maji ya asubuhi. Mtoto yule hachelewi tena. Nilikuwa nimefyeka jani, na mzizi ulikuwa mahali pengine. Wako pia wanaochelewa kwa uvivu tu, nao hao wanahitaji kuonywa kwa ukali. Lakini sikuweza kuwajua walio wavivu na wasio wavivu mpaka nilipoinama.

Basi jibu langu ni hili. Si haki kumwadhibu mtu kwa kazi njema, kwa sababu mbili. Kwanza twamdhulumu yeye, tukila jasho lake kwa kisingizio cha kosa lake. Pili twaidhulumu kazi yenyewe, na wote wanaoishi kwa hiyo, tukiitia aibu isiyostahili. Kosa na lirekebishwe kwa njia yake. Na jembe tumpe mtoto siku ile anapokuwa hana kosa lolote, tumpe kama mgeni wa siku ya tatu, na mavuno yakija tumpe fungu lake.

Haya ndiyo niliyoyaona katika hatua 20 kwa 12. Mwalimu mwenzangu aliyeona vingine katika shamba lake na aandike, tupate kujifunza sote.